Waya Ndio Roho ya Pampu: Umeme wa Volti 12 na Majitaka ya Gari-Nyumba

Gari-nyumba lenye choo hubeba majitaka yake chini ya sakafu popote liendapo. Huko Marekani na Kanada, ambako magari haya na makaravani ya kuvutwa yameenea sana, kwa kawaida kila moja huwa na tangi la maji safi, tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi la choo. Tangi la choo kwenye magari mengi huchukua kati ya lita 100 na 150. Likijaa hupelekwa kwenye kituo cha kupokelea majitaka, bomba pana la inchi 3 likaunganishwa, vali ikafunguliwa, na kila kitu kikashuka chenyewe. Njia hiyo haihitaji umeme hata kidogo. Inahitaji mteremko tu, na mteremko haupatikani kila mahali.

Karavani likiegeshwa uani mwa nyumba ambako mdomo wa bomba la majitaka uko juu kuliko tangi, au shimo likiwa mita 20 kutoka lilipo gari, bomba la mteremko halifai kitu. Hapo ndipo inapohitajika pampu ya kusaga. Ni kifaa kidogo kinachoshikika kwa mikono miwili. Ndani yake kuna mota ya umeme wa DC, kisu kinachokata karatasi na uchafu, na impela ya mpira inayousukuma ule uji kupitia bomba jembamba la inchi 1 au pungufu. Pampu hizi zilizoeleka kwanza kwenye boti, ndipo wenye magari-nyumba wakazichukua, na majina kama Jabsco, Flojet na SHURflo yanajulikana pande zote mbili. Ulaya hazikushika sana, kwa kuwa magari mengi ya huko hutumia choo chenye kijitangi cha kuchomoa na kubebwa kwa mkono hadi mahali pa kumwagia.

Pampu yenyewe ni rahisi kuelewa na si ngumu kufunga. Bado watu wengi hulalamika: inanguruma lakini haisukumi, inakwama kila mara, imeungua kabla ya mwaka kwisha. Lawama huangukia pampu, na mwenye gari huenda kununua nyingine. Kwa maoni yangu, kabla ya kuihukumu pampu tuuchunguze kwanza waya unaoilisha. Ukipanga vizuri unene wa waya, fyuzi, njia ya kurudi na swichi, pampu ya kawaida itakutumikia miaka mingi. Ukivipuuza, hata pampu bora itakuangusha.

Nishati ndogo, mkondo mkubwa

Kosa la kwanza huanzia kwenye makadirio. Mtu huuliza: je, betri yangu itaiweza? Jibu ni ndiyo, tena bila taabu. Pampu ya aina hii huvuta kati ya ampea 12 na 18 ikiwa kazini, na kusukuma lita 45 hivi kwa dakika. Tuchukue ampea 16. Tangi la lita 130 litaisha kwa dakika tatu hivi. Tuseme dakika tano pamoja na kusuuza. Ampea 16 kwa dakika tano ni sawa na ampea-saa 1.3. Betri ya ampea-saa 100 haitahisi lolote.

Tatizo liko kwenye ukubwa wa mkondo wenyewe. Ampea 16 kwa volti 12 ni wati 192. Kwenye nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa yenye umeme wa volti 230, wati hizo hizo zingepita kwa mkondo usiofika hata ampea moja. Kwenye gari, mzigo ule ule unadai mkondo mara 19 zaidi. Fundi umeme wa nyumba akiona kifaa cha wati 200 huchukua waya wa milimita za mraba 1.5 bila kufikiri mara mbili, na nyumbani yuko sahihi. Akiufanya uamuzi huo huo kwenye gari, ameiharibu kazi kabla hajaianza.

Hesabu yake ni nyepesi, na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Ukinzani wa waya wa shaba hupatikana kwa kuzidisha 0.0175 kwa urefu wa waya katika mita, kisha kugawanya kwa unene wake katika milimita za mraba. Urefu huo lazima uwe wa kwenda na kurudi, kwa sababu mkondo hutoka betrini, hufika kwenye pampu, kisha hurudi. Zidisha ukinzani huo kwa ampea, utapata volti zinazopotea njiani.

Chukua karavani ambalo betri yake iko mbele karibu na ndoana ya kuvutia, na tangi la choo liko nyuma, mita 8 kutoka hapo. Waya wa kwenda na kurudi ni mita 16. Ukitumia waya wa 1.5, volti 3 zinapotelea njiani. Waya wa 2.5 unapoteza volti 1.8. Wa 4 unapoteza volti 1.1, wa 6 unapoteza volti 0.75, na wa 10 unapoteza 0.45. Betri iliyojaa husimama kwenye volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikibebeshwa mzigo hushuka hadi 12.4 hivi. Toa 3 na pampu inabaki na 9.4. Volti 3 kati ya 230 ni hasara isiyofika asilimia 1.5, volti 3 kati ya 12 ni robo ya umeme wote.

Viwango vya ABYC, ambavyo mafundi wa boti wa Marekani huvifuata, hugawa matumizi katika makundi mawili: yale ya lazima kwa usalama yasipoteze zaidi ya asilimia 3, na mengine yasipoteze zaidi ya asilimia 10. Kwa volti 12 hiyo ni 0.36 na 1.2. Pampu ya majitaka iko kundi la pili, kwa hiyo waya wa 4 unafaulu kwa tundu la sindano. Mimi ningeweka wa 6 kwa mita 8, na wa 10 umbali ukifika mita 12, kwa sababu betri haiwi mpya siku zote na viungo haviwi safi siku zote.

Msomaji aliyeko Marekani ataona dukani namba nyingine kabisa, za mfumo wa AWG, ambazo hupungua kadiri waya unavyonenepa. Namba 14 ni kama milimita za mraba 2.1, namba 10 ni kama 5.3, na namba 8 ni kama 8.4. Anayetafuta waya wa 6 achukue namba 10, au namba 8 akitaka nafasi ya kupumua. Asidhani kwamba namba 14 ni mnene kuliko namba 10.

Pampu ikikwama

Wengi wetu tumefundishwa kwamba volti zikipungua mota huvuta mkondo zaidi na kuungua. Hilo ni kweli kwa mota nyingi za majokofu na mashine za umeme wa nyumbani. Mota ya pampu hii ni ya aina nyingine: ni ya DC, yenye sumaku za kudumu na brashi za kaboni. Volti zikipungua, huzunguka polepole zaidi. Ikiwa tangi lina maji matupu, hutaona ubaya wowote ila kazi kuchelewa. Ubaya hujitokeza pale fundo la karatasi linapofika kwenye kisu.

Nguvu ya kuzungusha kisu hutegemea mkondo unaofika kwenye mota. Tuchukulie mota ambayo ikiwa imesimama ina ukinzani wa omu 0.2. Ikilishwa na waya wa 6 kwenye lile karavani letu, mkondo wa kukwamua unaweza kufika ampea 50. Ikilishwa na waya wa 1.5, ukinzani wa waya unakaribia kulingana na ule wa mota, na mkondo hauzidi ampea 32. Pampu imepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu zake wakati ule ule inapozihitaji. Fundo ambalo kisu kingelikata kwa nusu sekunde sasa limekishinda.

Kuna jambo la pili, ambalo watu hawalitaji. Watengenezaji wengi huagiza fyuzi ya ampea 20 au 25. Fyuzi bapa za magari haziruki mara tu namba yake inapopitwa. Zikipitishiwa asilimia 135 ya kiwango chake, viwango vinaziruhusu kuvumilia hadi dakika 10. Zikipitishiwa asilimia 200, lazima zikatike ndani ya sekunde 5. Sasa tazama mota yetu iliyokwama ikiwa na fyuzi ya 25. Kwa waya mnene, ampea 50 ni asilimia 200, na fyuzi itaruka ndani ya sekunde hizo tano. Kwa waya mwembamba, ampea 32 ni asilimia 128 tu. Fyuzi itakaa kimya, na mota iliyosimama itaendelea kupokea wati kama 200 ambazo zote zinageuka joto. Mwenye gari anasikia mngurumo hafifu, anangoja akidhani itajikwamua, kumbe nyaya za ndani ya mota zinaungua. Mdharau mwiba mguu huota tende, na waya mwembamba ndio mwiba wenyewe.

Pampu nyingi zina msaada wake mdogo kwa siku ya kukwama. Nyuma ya mota, mara nyingi chini ya kifuniko cha mpira, ncha ya mhimili ina mfereji wa bisibisi bapa. Zima umeme, chomoa fyuzi, tia bisibisi, zungusha huku na huku hadi uhisi kisu kimeachia. Mara nyingi mkosaji ni kitambaa laini cha kufutia, kile ambacho pakiti yake husema kinaweza kutupwa chooni. Kinaweza kupita chooni, lakini kwenye kisu cha pampu hujiviringa kama uzi.

Fyuzi inamlinda nani?

Fyuzi huwekwa kwanza kabisa kwa ajili ya waya. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya wowote uliotoka chanya bila fyuzi ni utambi unaongoja siku yake. Kwa hiyo fyuzi hukaa kwenye mwanzo wa njia, karibu na betri. ABYC hutumia inchi 7, yaani sentimita 18, kama kanuni yake ya msingi kwenye boti. Kwa upande wa magari-nyumba, kanuni za umeme za Marekani zina Ibara nzima ya 551 kwa ajili yake. Anayefunga fyuzi pembeni ya pampu kwa sababu pana nafasi amelinda kipande cha mwisho, na kuziacha zile mita 8 zote zikiwa uchi.

Fyuzi pia haipaswi kuzidi uwezo wa waya. Fyuzi ya 25 juu ya waya wa 1.5 ni hatari, kwa sababu waya utapata moto kabla ya fyuzi. Na fyuzi ikiruka, dawa yake ni kutafuta kilichoirusha. Kuweka ya 40 ili isiruke tena ni kuhamisha moto kutoka kwenye kishikio cha fyuzi kwenda kwenye ukuta wa karavani, ambao mara nyingi ni mbao nyembamba na sifongo.

Njia ya kurudi

Mafundi wa magari wamezoea kurudisha hasi kwenye chesisi, na kwa taa ndogo hakuna shida. Kwa ampea 16 chini ya karavani linalopita kwenye mvua, theluji na chumvi ya barabarani, chesisi ni mshirika asiyeaminika. Chuma chenyewe ni kinene na kinapitisha umeme vya kutosha. Udhaifu uko kwenye bolti, kutu na rangi. Kiungo kimoja chenye omu 0.1 kitakula volti 1.6, hasara inayokaribia ile ya waya mzima wa 2.5. Ushauri wangu ni kupitisha waya wa hasi wenye unene ule ule hadi kwenye betri. Atakayelazimika kutumia chesisi akwangue rangi hadi chuma king'ae, afunge kwa bolti na washa yenye meno, kisha apake grisi juu.

Rangi za nyaya nazo zinahitaji tahadhari. Wengi wetu tunajua nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwenye makaravani ya Marekani, waya mweusi wa plagi ya pini saba kwa kawaida ndio chanya unaotoka kwenye gari linalovuta, na mweupe ndio hasi. Anayeunganisha kwa mazoea anaweza kupiga shoti au kuizungusha pampu kinyumenyume. Mota hii ikibadilishiwa nyaya hugeuza mwelekeo, na impela ya mpira, ambayo mabawa yake yamejikunja upande mmoja, haikuumbwa kwa hilo. Pima kwa mita kwanza, unganisha baadaye.

Swichi na rilei

Umeme wa nyumbani hubadilisha mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, au mara 120 kule Marekani. Cheche inayoruka swichi inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC hauna sifuri hiyo. Cheche huendelea kula midomo ya swichi kila unapoizima, na mota huiongezea nguvu kwa kuwa nyuzi zake haziachii mkondo kwa urahisi. Swichi iliyoandikwa ampea 10 kwa volti 250 za AC haina ahadi yoyote kwa pampu ya DC. Tafuta iliyoandikwa wazi uwezo wake wa DC, ampea 20 au zaidi.

Njia bora kwa gari refu ni rilei ya kawaida ya magari, ile yenye pini 30, 85, 86 na 87. Waya mnene hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia pini ya 30 na kutokea ya 87 moja kwa moja hadi kwenye pampu. Waya mwembamba wa swichi hulisha koili ya 85 na 86, ambayo huvuta sehemu ndogo tu ya ampea moja. Swichi inaweza kukaa popote unapotaka, na waya mnene haulazimiki kuzunguka kuifuata. Upe huo waya mwembamba fyuzi yake ndogo.

Swichi iwe ya kubonyeza na kushikilia, siyo ya kuwasha na kuacha. Impela ya mpira hulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ikizunguka kavu hupata joto na kuchanika. Mtu aliyeshika kitufe husikia sauti ikipanda tangi linapoisha, naye huachia papo hapo. Aliyewasha na kwenda kukunja viti hurudi kukuta pampu imekwisha.

Viungo, mtikisiko na hewa ya tangi

Gari hutikisika, kwa hiyo waya uwe wa nyuzi nyingi. Waya wa uzi mmoja unaotumika ukutani hukatika. Viungo vibanwe kwa koleo maalumu, kisha vifunikwe kwa mrija unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kulehemu peke yake hakutoshi, kwa sababu lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, napo ndipo hukatikia. Popote waya unapopita kwenye tundu la chuma, weka pete ya mpira. Karibu na pampu, acha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke kabla ya kukifikia.

Hewa ya tangi la choo ina gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu, nayo huishambulia shaba na kuifanya nyeusi. Ndani ya chumba cha matangi, waya uliopakwa bati unastahili bei yake. Tangi huweza pia kutoa methani, hivyo swichi na rilei vikae nje ya chumba hicho.

Je, kila gari linahitaji kufungiwa pampu ya kudumu? Hapana. Anayemwaga mara chache kwa mwaka anaweza kutumia pampu ya kubebeka inayoungwa kwenye mdomo wa tangi, ikalishwa na betri kwa vibanio. Atunze nyaya fupi na nene, na fyuzi iwe karibu na vibanio hivyo. Anayetaka kulisha pampu kupitia plagi ya pini saba akumbuke kwamba anavuta umeme kutoka betri iliyo mbele ya gari jingine kabisa, umbali unaoweza kuwa maradufu, na kwa waya ambao hakuuchagua yeye. Kwa anayeishi ndani ya karavani lake, pampu ya kudumu yenye njia yake kutoka betri ya karavani ndiyo yenye maana.

Hesabu hii haiishii Marekani. Nyumba za vijijini kwetu zenye sola ya volti 12 hukumbwa na ugonjwa ule ule: taa za chumba cha mwisho hufifia, pampu ndogo ya maji huchoka, na mwenye nyumba huilaumu betri. Kanuni ya kugawanya kwa unene wa waya ni ile ile, kwa pampu ya choo na kwa pampu ya kisima.

Ukimaliza kufunga, usiridhike na kusikia pampu ikinguruma. Jaza maji safi kwenye tangi, fungua vali, mwambie mwenzako ashikilie kitufe, nawe uweke mita kwenye nyaya za pampu yenyewe wakati inafanya kazi. Ukisoma volti 11.5 au zaidi, kazi imekaa sawa. Ukisoma chini ya 11, pima tena betrini papo hapo. Kama betri ina 12.4, hasara iko njiani: weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi, na upande mbovu utajitaja wenyewe. Fanya kipimo hiki kabla ya tangi kupata uchafu wa kwanza, na kabla hujatoa hela ya pampu ya pili.